Kabla Hujang'oa Valvu Inayovuja: Historia ya Breki ya Moshi, Kutoka California Mpaka Kitonga

Leo tunaweka pembeni stori za mastaa, nani kaachana na nani, nani kavaa nini kwenye tuzo. Leo tunapiga stori ya malori. Najua kuna mtu kidole kishaanza kupandisha juu ili asepe. Tulia kwanza. Hiyo simu uliyoshika ilifika dukani ikiwa imepanda lori, na dereva aliyeileta alishuka milima ambayo mimi na wewe tukiwa kwenye basi tunaipita tumelala, midomo wazi. Stori ya leo inahusu kitu kimoja kinachomfanya huyo dereva afike chini akiwa mzima.

Majina ya watu wangu siweki. Wenyewe wapo, na wengine wanasoma humu.

Siku lori lilipoingia linapiga mluzi

Mwaka niliomaliza form four matokeo yalitoka, na tuseme tu yalikuwa ya kawaida. Mjomba wangu ni dereva wa semi za kwenda Tunduma mpaka Zambia. Akaniambia, "Anko, usikae ndani unahesabu mabati. Njoo gereji ushike spana."

Nikaenda. Gereji yenyewe ipo pembeni ya barabara ya Morogoro: mchanga mweusi kwa oili, mwembe mmoja, na mama ntilie anayejua deni la kila mtu kichwani. Spana sikushika. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli, kufuata chai na kushika tochi. Nilishika tochi kama miezi mitano hivi. Ila kiukweli, ukishika tochi unaona mengi.

Siku hiyo lori la mjomba likaingia linapiga mluzi. Yani akikanyaga mafuta linalia kama filimbi ya refa. Yeye mwenyewe akashuka macho mekundu, anakohoa, maana kabini nzima ilikuwa inanuka moshi. Fundi mkuu, mzee flani mfupi asiyependa maneno mengi, akainua kabini, akaniita na tochi yangu. Tukamulika nyuma ya turbo, ambayo mafundi wetu wanaiita tabo. Hapo kulikuwa na kitu kama bomba fupi nene la chuma. Pembeni lina mkono mdogo, na kwenye mkono kuna paipu nyembamba ya upepo. Kuzunguka ule mkono masizi yamejichora meusi kama wanja.

"Valvu ya ekzosi breki inavuja," fundi akasema.

Akapigiwa simu bosi mwenye gari, ikawekwa spika. Bosi hakuuliza inavuja wapi. Alisema, "Valvu mpya sinunui. Ng'oa hiyo, weka bomba tupu, gari ipakie leo."

Mjomba akasema, "Bosi, shikamoo. Hiyo ndiyo breki yangu ya Kitonga."

Bosi akajibu, "Breki zipo kwenye magurudumu," akakata simu.

Mimi na tochi yangu nikauliza swali la kitoto: "Kwani fundi, hii inafanya kazi gani?" Akanijibu bila kugeuka: "Inaziba moshi."

Aisee, nikachanganyikiwa. Kila siku nasikia gari likizibwa moshi linakufa nguvu. Sasa nani alikaa akafikiria kuziba moshi kwa makusudi? Hilo swali lilikaa kichwani miaka. Baadaye, nilipopata simu ya maana na bando, nikaanza kusoma. Nilichokuta ni historia ambayo haijawahi kunichosha, na leo nakusimulia.

Mtu aliyeona moshi ni hela inayotupwa

Tuanze na tabo, maana valvu yetu imekaa mgongoni kwake.

Injini inapochoma mafuta, sehemu kubwa ya nguvu ya yale mafuta haifiki kwenye magurudumu. Inatoka nje kwenye ekzosi ikiwa moto na moshi wenye kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na mhandisi wa Uswisi anaitwa Alfred Büchi, mtoto wa mji wa Winterthur. Yeye akaona ule moshi ni hela inayotupwa dirishani. Akawaza: kwa nini moshi usizungushe feni, na ile feni isizungushe feni nyingine upande wa pili ya kusukumia injini hewa safi? Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na injini ileile inatoa nguvu kubwa. Mwaka 1905 akasajili wazo lake kama hakimiliki.

Wazo lilikuja mapema kuliko vyuma vya wakati huo. Moshi wa injini ni moto mkali sana, na hizo feni zinatakiwa kuzunguka kwa kasi ya ajabu. Tabo ya lori la leo inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hesabu mwenyewe hiyo kwa sekunde. Kwa hiyo miaka 20 hivi ikapita watu wakihangaika. Ndipo mwaka 1926 meli mbili za abiria za Ujerumani zikaingia kazini na injini za dizeli zenye mtambo wa Büchi, na nguvu ya injini ikapanda kutoka farasi 1,750 mpaka 2,500. Injini ileile, moshi uleule, ila sasa moshi unafanya kazi kabla ya kuondoka.

Malori yakafuata. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, ya hukohuko Uswisi, ikatoa injini ya lori yenye tabo. Ukiangalia ramani ya Uswisi unaelewa haraka. Nchi imejaa milima, na lori lisilo na pumzi halifiki juu.

Mwaka 1952 huko Marekani tabo ikaingia kwenye mashindano ya Indianapolis 500. Lilikuwa gari la dizeli, watu wanalicheka kwamba dizeli ni ya matrekta. Likachukua nafasi ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia, mbele ya magari yote ya petroli. Kicheko kikaisha. Ila kwenye mbio zenyewe halikumaliza. Mdomo wa tabo ulikuwa chini, karibu na lami, ukavuta vipande vya mpira wa matairi mpaka ukaziba. Mzunguko wa 71, gari nje. Hapo fundi wetu mfupi angesema neno lake la kila siku: "Tabo ni pua. Usiiache ivute uchafu."

Kung'oa hakujaanza kwetu

Sasa sikia hii, maana inahusu tabia yetu.

Mwaka 1962 Oldsmobile walitoa gari dogo la tabo linaitwa Jetfire. Gari kali kwelikweli kwa wakati wake. Tatizo, ili injini isigonge, lilikuwa na tenki lake la pembeni la maji yaliyochanganywa na kilevi cha methanoli, na mwenye gari alitakiwa kulijaza mara kwa mara. Watu wakasahau. Tenki likiisha, gari linajibana lenyewe lisitoe nguvu yote. Wateja wakalalamika gari bovu. Mwisho wa siku kampuni yenyewe ikawaambia leteni magari, tuwang'olee tabo tuwawekee kabureta ya kawaida. Wengi wakapeleka.

Yani gari lililoingia kwenye historia kwa sababu ya tabo, likang'olewa tabo, na sababu kubwa ni kwamba watu hawakujua lile tenki lipo kwa ajili ya nini. Leo Jetfire lenye tabo yake ya kuzaliwa watoza magari wanalitafuta kwa udi na uvumba.

Kwa hiyo bosi wa mjomba asionekane mtu wa ajabu sana. Kung'oa ni rahisi na kunaonekana kama kutengeneza, kwa sababu kelele inaisha.

Kupanda kila mtu anaongelea, kushuka nani anajali?

Tabo ilitatua kupanda. Lori likapata pumzi, likabeba mzigo mkubwa zaidi, likapanda haraka zaidi. Lakini kilichopanda lazima kishuke, na sasa kinashuka kikiwa kizito kuliko zamani.

Nikupe hesabu moja, nimeipiga mwenyewe na somo langu la fizikia la D. Chukua lori la tani 50, mzigo na chuma chake. Lishushe mlima wenye kimo cha mita 500, bila kuongeza mwendo. Ile nguvu yote ya kushuka lazima iende mahali, na ukitumia breki za magurudumu peke yake, inageuka joto kwenye breki. Joto hilo linatosha kuchemsha maji ya bomba ndoo karibu 40 za lita 20. Hizo ndoo zote umezipikia kwenye ngoma za breki. Ndiyo maana unaona malori yanafuka moshi magurudumuni, na ndiyo maana breki ikishapata moto sana inakuwa kama sabuni: unakanyaga, pedeli ipo, upepo upo, ila gari haishikiki.

Na injini ya dizeli kwa asili yake haisaidii sana kushuka. Gari la petroli ukiachia mafuta, kuna mlango mdogo wa hewa unafunga, injini inabaki inavuta hewa kwa shida, na ile shida inapunguza mwendo. Dizeli ya kawaida haina huo mlango. Ukiachia mafuta, hewa inaingia tu kama kawaida, pistoni inaikandamiza, halafu hewa iliyokandamizwa inairudisha pistoni chini kama springi. Ulichokopa umerudishiwa. Gari linateleza.

Hilo ndilo lililotaka kumuua mtu mmoja mwaka 1931. Jina lake Clessie Cummins, fundi wa Indiana ambaye ndiye mwenye jina unaloliona kwenye injini nyingi za malori. Wakati huo Wamarekani hawakuiamini dizeli, kwa hiyo yeye na wenzake wawili wakaendesha lori la dizeli kutoka New York mpaka Los Angeles kuonyesha kwamba inawezekana. Safari ikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, California, kwenye mteremko wa Cajon Pass unaoshuka kuelekea San Bernardino. Breki zikachoka. Lori linakimbia, gia hairudi, na huko mbele reli inakatiza barabara, na treni ya mizigo ndiyo inapita. Waliikosa treni kidogo tu.

Mtu mwingine angesema Mungu mkubwa, akaendelea na maisha. Huyu ile hofu aliibeba zaidi ya miaka 20. Alipostaafu katikati ya miaka ya 1950 akarudi kwenye lile swali: injini yenye nguvu ya kupandisha lori mlimani, kwa nini isiwe na nguvu ya kulizuia likishuka? Jibu lake lilikuwa kufungua valvu za ekzosi ndani ya injini kwa sekunde ndogo sana, pale ambapo pistoni imemaliza kukandamiza hewa. Hewa inatoroka kabla ya kuirudisha pistoni chini. Springi imekatwa. Injini sasa inakula nguvu ya gari na hairudishi kitu. Mwaka 1961 kampuni ya Jacobs, waliokuwa wanajulikana kwa kutengeneza vichwa vya kushikia keekee, wakaanza kuiuza. Ndiyo ile madereva wanaita Jake Brake, inayonguruma kama bunduki lori likishuka.

Kidole kwenye pampu ya baiskeli

Valvu ya mjomba ni ndugu wa hiyo, ila yenyewe ni ya bei rahisi na haina makelele.

Kumbuka pampu ya baiskeli. Ukipampu hewani, mkono unaenda mwepesi. Sasa ziba tundu kwa kidole, pampu tena. Mkono unagoma. Hiyo ndiyo ekzosi breki, basi. Nyuma ya tabo wanaweka bomba fupi lenye kifuniko cha duara ndani, kama sarafu iliyosimama katikati ya bomba. Dereva akiachia mafuta na kubonyeza swichi, upepo kutoka kwenye mitungi unasukuma ule mkono wa pembeni, sarafu inageuka, moshi unazibwa. Pistoni zinabaki zinasukuma dhidi ya ukuta, na gari linajivuta. Injini ikizunguka haraka zaidi breki inashika zaidi, ndiyo maana dereva mjuzi anashusha gia juu kabisa, kabla mteremko haujaanza.

Sasa ukiwa na uvujaji, maana yake kidole hakijakaa vizuri kwenye tundu. Mkandamizo unatoroka, breki inakuwa dhaifu, masizi yanapaka kila kitu, mluzi unaanza, na moshi unatafuta njia ya kuingia kabini. Na moshi wa ekzosi una hewa ya sumu ambayo huioni, inakulegeza na kukuletea usingizi. Kwa hiyo bosi hakukosea kila kitu. Valvu inayovuja hivyo haitakiwi kuachwa. Tatizo lilikuwa kwenye neno lililofuata baada ya "ng'oa".

Wazee wa njia ya jehanamu

Kabla sijarudi gereji, nipitie kwetu, maana stori hii ina watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wenyewe dhidi ya Uingereza. Zambia ikabanwa. Nchi haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yanapitia huko Rhodesia. Mafuta yakakatika. Njia iliyobaki ya kueleweka ilikuwa Dar es Salaam. Ndege zikabeba mapipa, na malori yakabeba mapipa, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Wazungu waliipa jina la Hell Run, yani mbio za jehanamu. Yakienda yamebeba mafuta, yakirudi yamebeba shaba. Na shaba ndiyo unayoshuka nayo Kitonga kuja pwani.

Kwa ambaye hajapita: ukitoka Iringa kuja Dar, uwanda wa juu unakatika ghafla. Barabara inajikunja ukutani mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, mpaka chini kule kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Leo kuna lami. Wale wazee walianza kabla ya lami.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, likawapunguzia mzigo. Lami ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Kila kimoja kati ya hivyo kina jiwe la msingi, picha ya viongozi na tarehe. Wale madereva na tanboi wao walioziba pengo kabla ya hivyo vyote, wao hawana jiwe lolote. Kuna waliobaki kwenye mabonde.

Mtaani kwetu kuna babu mmoja aliyekuwa tanboi enzi hizo. Nilimsalimia, nikakaa kwenye mkeka, nikamuuliza walikuwa wanashukaje. Akanyoosha mkono kama ameshika kitu. "Mjukuu wangu, dereva anatia gia ya chini kabisa. Mimi natembea pembeni ya tairi na gogo. Akipiga honi, natupa gogo." Nikamuuliza, "Na gogo likikataa, babu?" Akanitazama muda mrefu. "Ndiyo maana nilikuwa natembea nje."

Ulisikia hiyo? Kabla ya ile sarafu ndani ya bomba, kazi yake ilifanywa na kijana wa umri wangu, kwa miguu, na gogo.

Valvu inang'oka

Tukirudi gereji. Mwenye gari kasema, kwa hiyo fundi akaanza kazi, na mimi nikamulika.

Kwanza alisubiri. Tabo iliyotoka safari inaunguza mpaka nyama, na nati ikiwa na moto inakatika kirahisi. Akamwagia oili ya kulegeza kutu kwenye nati zote, akaenda kunywa chai. Aliporudi akafunga upepo, akachomoa ile paipu nyembamba kwenye mkono, na hapo akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Hii usiiache wazi hata dakika. Upepo wa hii ndio upepo wa breki zako zote." Akaitia kizibo. Fikiria mtu anang'oa valvu, anasahau paipu, gari linavuja upepo wa breki barabarani.

Halafu akalitegemeza bomba la ekzosi kwa waya, ili uzito wake usining'inie kwenye tabo. Nati tatu zikatoka kwa heshima. Ya nne ikagoma. Akaipasha kwa gesi, akaigonga kidogo, akaigeuza robo kwenda, robo kurudi, bila hasira, kama dakika ishirini. Mimi ningeipiga nyundo, bolti ingekatikia ndani, na siku ingeishia hapo.

Valvu ilipotoka, kabla ya kitu chochote akachukua kitambaa kisafi akaziba mdomo wa tabo. "Nati moja ikidondoka humu, umenunua tabo." Baadaye akakitoa, akashika kishimo cha feni kwa vidole viwili, akakitikisa. Hakichezi. Tabo nzima.

Akaiweka valvu kwenye meza, akageuza ule mkono. Sarafu ndani ilikuwa nzima. Chuma kizima. Kilichokuwa kimekwisha ni bushi mbili ndogo, zile pete ambazo ekseli ya mkono inapita ndani yake. Kila moja ndogo kuliko pete ya ndoa. Hapo ndipo moshi ulikuwa unatokea.

Fundi akamwangalia mjomba. "Hizi nikikupeleka kwa fundi wa kukereza vyuma, kesho asubuhi zipo." Akapigiwa bosi. Bosi akasema kesho ni mbali.

Wakaweka bomba tupu. Lori likawashwa. Mluzi haupo, harufu haipo, injini inapumua safi. Ungeniuliza siku hiyo, ningesema gari limepona.

Kilichotokea Kitonga

Mjomba alipanda Kitonga bila shida. Tabo ilifanya kazi ambayo Büchi aliiota. Tatizo lilikuwa kurudi, na mzigo wa shaba mgongoni.

Alinisimulia baadaye, tumekaa chini ya ule mwembe, sauti ya chini. Alisimama juu kabisa, akapoza breki, akapima upepo. Akashuka na gia namba mbili. Mabasi yanampigia honi, madereva wenzake wanampita wanamtukana. Alikuwa anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anaachia. Katikati ya mlima akasikia harufu. Kwenye kioo akaona moshi wa magurudumu ya nyuma. Kulikuwa na sehemu ya kuegesha pembeni, na lori halikusimama alipotaka. Lilisimama mbele kidogo ya alipotaka.

"Mbele kiasi gani, anko?" nikauliza.

Akachota mchanga, akaumwaga. "Nilishuka na namba mbili na sala zote ninazozijua."

Alikaa pale saa tatu akisubiri vyuma vipoe. Lilipofika Dar, lainingi za nyuma zote zilikuwa zimeungua, ngoma mbili zimepasuka nyufa. Bosi akalipa. Sitaki kusema kiasi, ila kwa hela ile angenunua valvu mpya na chenji ingebaki. Na zile bushi mbili? Fundi alikuwa amezitengenezesha kwa hela yake mwenyewe siku ileile lori lilipoondoka. Valvu ilikuwa imekaa kwenye boksi la biskuti, imesafishwa, inasubiri. Ikarudishwa na gasketi mpya. Haikuvuja tena miezi yote niliyokuwa pale.

Nikamuuliza fundi kwa nini alizitengeneza wakati bosi kakataa. Akasema, "Valvu ya bosi. Shingo ya mjomba wako."

Historia ya tabo ina majina mawili matatu, wale wenye hakimiliki. Lakini kila chuma ambacho hao waliweka, kuna siku mtu asiye na jina atasimama mbele yake na spana, na ataamua kitoke au kibaki. Anayejua kwa nini kiliwekwa atakitoa kwa adabu, ataangalia kimekufa wapi, na atakirudisha. Asiyejua ataweka bomba tupu, gari litatulia, na deni atalilipa mtu mwingine mlimani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani ana babu au mzee aliyepiga ile njia ya Zambia kabla ya lami? Muulize akiwa bado yupo, halafu njoo utuandikie hapo chini kwenye komenti. Jina lake ukitaka weka, usipotaka acha, ila stori tusiipoteze. Na madereva mnaosoma humu mkiwa mmeegesha: mkishuka leo, shusheni gia mapema. Tunawasubiri.